Upana wa Mlango

Mchoro wa kwanza niliuchora Tudor, usiku,
feni ikiinua pembe za karatasi.
Mlango niliupa futi tatu
kwa kuwa kitabu kilisema futi tatu
na saa ile sikuwa na wa kumuuliza.

Jumapili nikaupeleka Mtongwe.
Akina mama wa kikundi walikuwa mkekani,
Nyevu akiwa na daftari la michango mapajani,
na fundi Famau kando, wima, mikono nyuma,
kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa
anayejua hatapona.

"Mwanzi ni nyasi," akasema.
Ni nyasi kweli, nikasema.
"Nyumba za nyasi sisi tulishazitoka."
Wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Babake alilaza boriti Mji wa Kale
zinazobeba hadi leo vitanda vya vitukuu.
Kwake ulimwengu una vipimo:
fito, pau, mazio, boriti, nguzo.
"Na huo wako waingia wapi?"

Nikamkatia kipande.
Akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.
Akatia jicho mwanzo wa tundu,
akakutana na ukuta.
"Kumbe una vyumba," akasema,
akakitia mfukoni bila kuomba.

Mianzi ililetwa na lori kutoka Kwale,
imekatwa mwezi ukifa,
dumuzi asikute sukari ndani yake.
Tukaitoboa vifundo kwa nondo,
tukailaza wiki mbili kwenye hodhi ya dawa.
"Bahari ii hapa, ya bure," Famau akaninong'oneza.
Chumvi itakula bolti.
"Basi usitie bolti."

Siku mbili tulibishana juu ya kiungo kimoja.
Mwisho bolti ikaingia ndani,
kamba ya usumba ikazunguka nje, mizungo kumi na minane.
Kila mmoja wetu hadi leo anadai
kilichoshika ni chake,
cha mwenziwe ni pambo.

Kisha siku ya kupiga mistari ya chokaa chini,
Nyevu akasimama mlangoni,
yaani pale ambapo mlango ungekuwa,
akanyoosha mikono.
"Hapa wapita wangapi?"
Mmoja. Wawili, wakijibana.
"Na jeneza?"

Nikaangalia karatasi. Karatasi haikuwa na jeneza.
Ilikuwa na viti, mti, mtu mwembamba wa kupimia.

"Kitwana wangu tulimtoa dirishani," akasema.
"Nyumba ya kupanga. Walimwinamisha.
Nikawaambia, polepole, na alikuwa hasikii."

Hakuna aliyeongeza neno.
Ni Famau aliyekwenda kuleta ngazi,
akailaza juu ya mchanga, akavua kofia,
akajilaza yeye juu yake.
"Nibebeni. Lakini mtu asinisomee!"

Akina mama sita wakamtia mabegani,
wakicheka hadi ngazi ikayumba,
maiti akilalamika kuhusu mgongo wake,
wakapita kati ya mistari:
bega la Mwanasha likatoka nje ya ukuta.
Rudini. Nikafuta kwa kiatu, nikapanua.
Likatoka tena. Nikafuta.
Mara ya nne walipita wote,
na upande wa Nyevu ukabaki mkono mzima.
Futi sita na nusu.

Usiku ule niliung'oa mchoro wangu wote.
Mwanzi mmoja hauvuki uwazi huo bila kulegea tumbo;
ikabidi mitatu kwa pamoja, na mishikizo ya kuegemea,
nguzo mbili zihame, paa lishuke shibiri moja
upande wa kusi.
Gharama ikapanda. Nyevu akafungua daftari,
akalamba kidole, akaandika, hakusema kitu.

Ukumbi umesimama. Nguzo hazigusi udongo,
kila moja ina kiti chake cha zege.
Mvua ikinyesha kuna kona moja inayovuja,
naijua, nitairudia.

Cha kwanza kupita mlangoni hakikuwa jeneza.
Lilikuwa sufuria la pilau, limebebwa na wawili,
mvuke ukiwatangulia,
na nafasi ikabaki kushoto na kulia.
Watu walilitazama sufuria.
Nyevu aliitazama nafasi.